Chumba cha Mwisho Kiwe cha Nani?

*Hotuba iliyotolewa na mwalimu mstaafu, mjumbe wa Kamati ya Watu Wenye Ulemavu ya Kata, katika mkutano wa wakazi. Inachapishwa kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika.*

  

Sote tunakijua chumba cha mwisho katika jengo jipya la shule yetu ya msingi, kile kinachotazamana na mwembe. Tulikijenga kwa mikono yetu. Wako waliobeba mchanga, wako waliotoa kokoto, na asiyekuwa na kitu alitoa siku yake ya kazi. Halmashauri ikaleta mabati. Katika mkutano uliopita palitolewa pendekezo kwamba chumba hicho kiwe kitengo cha elimu maalumu kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Mjadala ukawaka, adhana ya magharibi ikatukuta, tukatawanyika bila uamuzi. Wapo waliotaka kiwe stoo ya chakula cha wanafunzi, na hoja yao ina uzito. Wapo waliosema maneno mengine ambayo sitayarudia, kwa kuwa waliyoyasema ni jirani zangu, na nawajua kuwa mioyo yao ni mizuri kuliko ndimi zao.

Kabla sijatetea pendekezo hilo, sina budi kuwaeleza kwa nini mimi, kuliko wengine, sina haki ya kumlaumu mtu.

Mwaka 1998 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ambayo sitaitaja. Asubuhi moja ya mwezi Januari, siku za kuandikisha darasa la kwanza, alikuja mama mmoja amembeba mgongoni mtoto wa kike wa miaka tisa. Alikuwa amemfunga kwa kanga mbili, maana moja haikutosha tena. Miguu ya mtoto ilining'inia hadi karibu na magoti ya mama. Mama alimshusha, akamfuta udenda, akanisalimu, akasema amekuja kumwandikisha. Nilimtazama mtoto muda usiozidi kunywa funda moja la chai. Nikasema, "Mama, huyu si wa shule." Hakubisha. Aliniomba tu, "Basi, mwalimu, niandikie karatasi inayosema hivyo, nikamwonyeshe baba yake." Nilikataa kuiandika, kwa sababu ndani ya nafsi yangu nilijua kwamba maneno hayo yakiandikwa yangenishitaki. Akamfunga tena mtoto mgongoni, akaenda zake. Nilirudi kwenye daftari langu na kuendelea na jina lililofuata.

Nimestaafu nikiwa na vyeti vya pongezi vitatu ukutani. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuificha kanga ile.

Sasa tuje kwenye maana ya maneno, kwa sababu mengi yaliyosemwa mkutano uliopita yalitokana na kuchanganya mambo. Ulemavu wa akili si wazimu. Mgonjwa wa akili ni mtu ambaye fikra au hisia zake zimeugua. Anaweza kuugua akiwa na miaka arobaini, na akitibiwa anaweza kurejea alivyokuwa. Mwenye ulemavu wa akili ni mtu ambaye kujifunza kwake kumekuwa kwa taratibu tangu utotoni. Hujifunza, ila kwa hatua fupi na kwa kurudiarudia. Mtindio wa ubongo ni jambo jingine tena: hapo ubongo uliojeruhiwa hushindwa kuongoza misuli, mwili hukakamaa au hulegea, ulimi hukataa kutii, na wapo wenye mtindio wa ubongo ambao akili yao ni kali kuliko yangu mimi ninayesema mbele yenu, ila hawana njia ya kuitoa. Mtoto mwenye usonji huziona sauti, nyuso na mabadiliko kwa namna tofauti na yetu. Kelele ya mashine ya kusaga ambayo kwetu si kitu, kwake huweza kuwa mateso. Na ipo hali ya Down, iliyopewa jina la tabibu Mwingereza, John Langdon Down, aliyeieleza mwaka 1866. Karibu miaka mia ilipita kabla ya watafiti huko Ufaransa kubaini, mwaka 1959, kwamba chanzo chake ni kromosomu moja ya ziada, ile ya 21, iliyomo mwilini tangu mimba kutungwa.

Naitaja miaka hiyo kwa makusudi. Ikiwa wataalamu walihitaji takriban karne nzima kujua, si aibu kwa bibi zetu kuwa walitafuta jibu kwenye mizimu, laana na jicho baya. Aibu ni sisi, tulioambiwa, kuendelea kumwuliza mama mzazi, "Ulifanya nini wakati wa mimba?" Nimehesabu katika kitongoji changu pekee: kina mama wanne wenye watoto wa namna hii, watatu wameachwa na waume zao. Kila mume aliondoka akisema kwamba katika ukoo wake hakuna kitu kama hicho.

Sababu nyingine tunazijua, na baadhi yake zinazuilika. Mtoto akichelewa kulia baada ya kuzaliwa, ubongo hukosa hewa. Ndiyo maana wakunga wanasisitiza mama ajifungulie kituoni, ambako kuna mtu wa kumsaidia mtoto kupumua katika dakika ile ya kwanza. Umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa huharibu ubongo. Malaria kali iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo hufanya vivyo hivyo. Mtoto mwenye degedege anayecheleweshwa nyumbani akifukizwa majani anapoteza saa ambazo hazirudi. Na ukosefu wa madini joto katika chakula cha mama mjamzito hudhoofisha ubongo wa mtoto tumboni. Hapa niruhusuni kuwagusa kidogo watu wa kata hii: tunaishi karibu na mashamba ya chumvi, na tunajivunia kununua chumvi ghafi kwa bei ya kutupa. Chumvi hiyo haijatiwa madini joto. Ile ya pakiti yenye alama ya madini joto ni ghali kidogo, lakini ndiyo ya kupikia chungu cha mjamzito.

Wala tusisubiri mtoto afike umri wa shule ndipo tushtuke. Mtoto asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, au asiyetembea akiwa na mwaka mmoja na nusu, au asiyegeuka akiitwa, apelekwe kliniki na mama aseme wazi, asiishie kupima uzito na kuondoka. Mazoezi ya viungo yakianza mapema, hata yale ya kufundishwa mama ayafanye mkekani nyumbani, huzuia mikono na miguu isikakamae kabisa. Yakianza mtoto akiwa na miaka tisa, kama yule wa kanga mbili, kazi huwa ngumu mara nyingi zaidi.

Kuna hofu moja iliyosemwa mkutano uliopita ambayo naiheshimu, kwa kuwa ilitoka kwa mzazi aliyeogopa kwa dhati: kwamba baadhi ya watoto hawa wana kifafa, na povu lake litawaambukiza wengine. Ni kweli kwamba kifafa huandamana mara kwa mara na ulemavu wa akili. Si kweli kwamba kinaambukiza, kwa povu, kwa mate, wala kwa kugusa. Anayeanguka alazwe ubavu, aondolewe vitu vya kumjeruhi, awekewe nguo laini chini ya kichwa. Msimtie kijiko mdomoni. Msimmwagie maji. Msimshike kwa nguvu. Mtazame saa, degedege likipita dakika tano bila kukoma, mkimbizeni kituo cha afya. Katika milima ya Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa katika miaka ya sitini, miongoni mwa watu waliokuwa wakiwatenga wagonjwa hata katika kula, na wengi waliomeza dawa zake kila siku waliacha kuanguka. Dawa zipo hata leo, na ni za kumezwa kila siku. Tatizo kubwa ni wale wanaoziacha wakiona mwezi mmoja umepita salama.

Nirudi kwenye chumba. Mzee mmoja aliniuliza kwa nia njema: "Mwalimu, hawa watafundishwa nini? Hawatafanya mtihani wa darasa la saba." Wengine watafanya, wengine hawatafanya. Lakini mtihani si shule yote. Katika kitengo, mtoto hufundishwa kuomba kwenda chooni badala ya kujichafua. Kama hana maneno, huonyesha picha. Hufundishwa kufunga kifungo, kupiga mswaki, kubandika chai bila kujiunguza, kuvuka barabara, kuitambua noti ya elfu moja na ya elfu mbili. Kwa mtoto wako ulilifanya jambo hilo bila kujua kuwa ni somo. Kwa mama wa mtoto huyu, siku ambayo binti anakwenda chooni mwenyewe ndiyo siku mama anayoweza kwenda shambani. Walimu wa kazi hii husomea. Chuo cha Patandi kule Arusha kimekuwa kikiwaandaa kwa miaka mingi. Kuleta mwalimu ni wajibu wa halmashauri, na Afisa Elimu yupo hapa ananisikia. Lakini mwalimu hawezi kuletwa mahali ambapo hakuna chumba.

Mambo haya hatuombi kama sadaka. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa au kudhalilishwa kwa sababu ya ulemavu wake. Halmashauri nayo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Katika kata yetu, maombi yote niliyoyaona ya ile asilimia mbili yalitoka kwa wenye ulemavu wa viungo, wa macho na wa kusikia. Sikuona hata moja lililomtaja mwenye ulemavu wa akili. Kina mama, mwulizeni Afisa Maendeleo ya Jamii. Si lazima msubiri mkutano, ofisi yake iko wazi siku za kazi.

Sasa nataka kuwasimulia habari ya kijana ambaye wengi wenu mnamfahamu, ingawa sitamtaja. Ana miaka 31 na ana hali ya Down. Kwa miaka mingi kazi aliyopewa na kata hii ilikuwa kutuchekesha. Arusini tulimtupia sarafu acheze, tukacheka, tukasema tunampenda. Mimi nami nilitupa. Siku moja jirani yake, mshonaji wa makuti, alimwona amekaa chini ya mnazi akiliiga kuti lililoanguka, akilikunja jani juu ya jani vizuri kabisa. Akamwita. Kushona hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kuhesabu, kwa kuwa kijana akipita sita huchanganyikiwa, na makuti huuzwa kwa hesabu. Mshonaji yule hakusoma elimu maalumu. Alichimbia chini vijiti kumi kwa mstari, akamwambia: kila kijiti mpe kuti lake, vikipata vyote, funga mzigo. Basi. Tangu siku ile mizigo ya kijana yule haijawahi kupungua wala kuzidi. Mafundi wengine ambao wamesoma mpaka kidato cha nne hawawezi kusema hivyo.

Nilikwenda kumpongeza mama yake, aliyepita miaka sabini. Alinikaribisha kahawa, akasikiliza pongezi zangu zote, kisha akasema: "Mwalimu, mimi kufa siogopi. Naogopa kumtangulia."

Ndugu zangu, katika kila nyumba yenye mtu wa namna hii swali hilo lipo, linalala na mama na kuamka naye. Wengi hawalisemi mpaka siku ya tanga, ambapo ndugu huanza kutazamana. Ukoo wa kijana huyu ulifanya jambo ambalo napenda wengine waliige. Waliitana mama angali hai. Walimwita mwenyekiti wa kitongoji na wazee wawili, wakaandika muhtasari, wakatia saini na dole gumba. Ikaandikwa nani atalala naye, na kwamba minazi kumi na miwili ya mama haitauzwa maadamu yeye yu hai, na kwamba fedha za makuti zitapitia kwa dada yake na kuandikwa daftarini. Kisha mmoja wa wazee, Mungu amrehemu, akauliza: "Mbona mwenyewe hatujamwuliza?" Wakamwuliza. Akasema anataka kuendelea kulala katika chumba cha mama yake, na kwamba hataki kukaa kwa kaka yake mkubwa, kwa sababu anafoka. Kaka alikuwepo. Kikao kilinyamaza. Yakaandikwa kama alivyosema.

Lipo jambo zito ambalo ningependa watoto wasilisikie, lakini wazazi lazima walisikie. Mabinti wenye ulemavu wa akili wanawindwa. Anayewawinda anajua kwamba hawatasema, au wakisema hawataaminiwa. Binti anayebaki nyumbani peke yake kutwa nzima, kila mpita njia akijua, yumo hatarini kuliko aliye darasani chini ya macho ya mwalimu. Wafundisheni viungo vya siri vina majina, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuvigusa kwa siri. Likitokea, msimwogeshe, msifue nguo, msikae kikao cha suluhu wala kupokea mbuzi. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI haifai baada ya saa 72, na toeni taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya watoto namba 116 haitozwi senti.

Na hapa naomba tuwe na huruma pamoja na ukweli. Mwaka jana kamati yetu ilimkuta msichana amefungwa kamba mguuni, kamba nyingine ikiwa kwenye nguzo ya jiko. Waliokuwa nami walitaka mama akamatwe. Tukamngoja. Alirudi maji yakiwa yameshajaa, amelowa mpaka kifuani, ana gunia la mwani kichwani. Alituambia kwamba mtoto aliwahi kumfuata baharini mara mbili, na mara ya pili alitolewa na wavuvi. "Nimfungue nimzike, au nimfunge nile?" Hakuna aliyemjibu. Kamba ni kosa, na tulimwambia hivyo, naye alikuwa akilijua kabla yetu. Lakini nyumba ile ina majirani pande zote nne, na bamvua huja kwa siku zinazojulikana. Tulichofanya ni kidogo: kina mama watano wa kitongoji walijigawia siku, kila mmoja akae na msichana maji yanapotoka mpaka yanaporudi. Kamba imekatwa. Zamu hiyo imedumu miezi saba sasa, na imeyumba mara mbili, mwezi wa Ramadhani na wakati wa mavuno. Haiwezi kudumu milele kwa watu watano.

Wale waliotaka stoo nawajibu hivi. Chakula cha wanafunzi kinaweza kuhifadhiwa katika chumba kidogo kando ya ofisi ya walimu. Nimekipima mwenyewe, magunia thelathini yanaingia. Waliosema watoto wetu watajifunza tabia mbaya, nawakumbusha kwamba watoto wetu hao hao ndio waliokuwa wakimrushia mawe mtoto wa usonji wa kule bondeni, na tabia hiyo hawakujifunza kwake.

Kinachohitajika ili chumba kiwe tayari ni njia ya mteremko badala ya zile ngazi tatu, choo kimoja chenye mlango mpana na vishikio, uzio upande wa barabara, na mikeka. Fundi wawili wamejitolea kujenga. Saruji ya mteremko ipo, ilibaki. Uzio na choo bado.

Aidha tunahitaji majina. Ofisa Elimu amesema wazi kwamba ombi la mwalimu haliwezi kwenda wilayani likiwa na idadi ya kukisia. Kwa hiyo Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri, daftari litakuwa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata. Mzazi mwenye mtoto wa namna hii, awe na umri wowote, aje amwandikishe; cheti cha kuzaliwa kama hakipo, aje vivyo hivyo, tutasaidiana kukitafuta. Asiyeweza kuja kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, amtume jirani, nasi tutamfuata nyumbani. Nitakaa mimi mwenyewe kwenye daftari hilo, na safari hii nitaandika.